Mkunjo, Kola, Nyoosha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na hilo kabla ya jingine lolote, maana hata mtoto mwenye hasira anawajibika kumwamkia mzazi wake, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo tukiwa bado hatujui kufunga vifungo. U hali gani? Mgongo unasemaje siku hizi za baridi? Shangazi alinidokeza kwamba umeacha kulalamika, na hilo limemtia wasiwasi kuliko mgongo wenyewe. Mpe salamu zangu, umwambie asikuachie ukalie kile kiti cha mbao hata ukimkemea. Wewe ukikemea ndiyo dalili kwamba u mzima.

Sisi huku hatujambo. Mkweo yu mzima, karakana yake imejaa friji za watu, na kila mwenye friji anadai yake ndiyo ya haraka. Kasuku, mjukuu wako mkubwa, ameng'oka jino la mbele, ila maneno hayajapungua hata moja. Yanapita pale pale kwenye pengo. Bonge ameanza kutembea. Tangu aanze hatuna droo wala sufuria iliyo mahali pake, na jana nilikuta kiatu changu kimoja ndani ya ndoo ya mchele. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika.

Najua unashangaa kupokea barua badala ya simu. Umenipigia mara nyingi na sikupokea, na mwisho ukamtuma shangazi apige, naye pia sikumpokea. Baba, simu yako naijua. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hawezi kumwacha mtu amalize sentensi isiyompendeza. Ningefika katikati ungenikatiza, nami kwa adabu ningenyamaza, kisha tungeongea habari za hali ya hewa. Barua unaweza kuichana lakini huwezi kuikatiza. Basi chukua kalamu yako nyekundu kama kawaida, sahihisha utakapoona kosa, ila nakuomba usome mpaka mwisho.

Kuna sehemu ya habari hii unayoijua vizuri kuliko mimi. Hata hivyo nitaieleza yote tangu mwanzo, kwa sababu uliyoipanga wewe na niliyoipitia mimi hazifanani.

Ilianza siku Mziwanda alipokuja kazini kwangu. Unajua kule chini ya hoteli tunakofulia, hakuna dirisha, mvuke unapanda mchana kutwa na mashine zinanguruma hata ukipiga kelele hujisikii. Mgeni anayeona hupotea humo, lakini mwanao huyo asiyeona huja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu. Anasema pasi yangu ina pumzi yake. Akasimama pale na fimbo yake, amevaa tai ya kazini, akaniambia kwamba shule yao ya watoto wasioona inataka basi, na kwamba wameandaa mbio za hisani, mbio ndefu kabisa za kilomita arobaini na mbili. Wahisani waliahidi kuchangia zaidi iwapo mwalimu wa shule yenyewe, ambaye naye haoni, atakimbia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alichohitaji ni mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba.

Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Mimi, ambaye mbio zangu zote maishani zilikuwa za kuwahi zamu! Nikamwambia atafute mtu mwenye miguu. Akajibu kwamba miguu anayo yeye, anachotaka ni macho anayoyaamini. Akanikumbusha mwaka ule macho yake yalipozimika, yeye bado kijana, jinsi nilivyomfundisha kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barabarani. Akasema kama ni kumfuata mtu gizani, hamjui mwingine. Baba, nilikuwa na shuka la watu mkononi, na nililiunguza. Ndivyo nilivyokubali.

Sasa sikiliza tulivyoishi miezi ile, maana naona ulipewa picha nyingine. Niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikatayarisha nguo za Kasuku na chupa za Bonge, nikatoka nikiwa bado na usingizi machoni. Mziwanda alikuwa akinisubiri chini ya taa ya kona, anajinyoosha kama mtu wa maana. Tukikimbia mpaka kuche kweupe, narudi mbio nyingine, namkuta mkweo anasuka nywele za mtoto. Usicheke. Alijifunza mwenyewe kwa kutazama, na wiki za mwanzo kichwa cha Kasuku kilifanana na waya za nyuma ya friji. Mwalimu wake aliniita kuuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia tatizo tunalo, ni fundi, lakini anaendelea vizuri.

Sisemi kwamba ilikuwa raha tupu. Kazi yangu ni ya kusimama. Kuna jioni nilipika nimeegemea ukuta, na kuna Jumapili nilisinzia nikiwa namlisha Bonge, akajilisha mwenyewe, akalisha na mkeka. Na kuna ile asubuhi Bonge alipochemka homa nami niko barabarani, simu nimeiacha juu ya kabati. Niliporudi mkweo alikuwa na mtoto begani, macho mekundu, na akanisomea mashtaka yote. Aliniambia kwamba nyumba si mzigo wa kumwachia mtu amshikie mwenzake. Nililia, nikasema naacha. Siku iliyofuata nikabaki kitandani kwa makusudi. Ndipo nikasikia kitu kinasuguliwa mlangoni, kuchungulia nikamwona amepiga magoti anasafisha viatu vyangu vya mbio kwa mswaki wa zamani. Akaviweka mlangoni, pua zikitazama nje.

Najua kwamba siku ile ya homa alikupigia simu akakulalamikia. Ameniambia mwenyewe, na aliniambia akiwa ameinamisha kichwa. Alitaka tu mkubwa wa kumsikiliza akipoza hasira. Hakujua kwamba maneno yake yatawekwa akiba.

Nikueleze na habari ya kamba. Watu huuza kamba maalumu za kazi hiyo, lakini yetu ilitoka kazini kwangu. Ulikuwa mkanda wa joho la kuogea, joho lenyewe lilichakaa likageuzwa matambara, mkanda ukabaki yatima. Msimamizi akaniruhusu niuchukue. Nikaufunga kitanzi kila upande, kimoja cha mkono wake wa kushoto na kimoja cha mkono wangu wa kulia. Mweupe, laini, haukwaruzi.

Na maneno. Siku za mwanzo nilikuwa nikichelewa. Nikiona tuta barabarani nilitafuta neno, na nikilipata yeye ameshajikwaa. Asubuhi moja tuta lilitukuta ghafla, hofu ikanifanya niropoke neno la kazini, nikapiga kelele, "Mkunjo!" Akainua mguu akapita salama, kisha akasimama katikati ya njia akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo barabara yote tuliifanya shati. Tuta ni mkunjo. Shimo ni mfuko. Ukingo wa njia ni pindo. Ule mzunguko mkubwa wa magari karibu na hospitali, ambao una matuta kabla na baada na magari yanayotoka kila upande, ndio kola, kwa sababu kwenye shati kola ndiyo inayomshinda mwanafunzi. Na barabara ikiwa wazi mbele yetu, hakuna cha kuogopa, nilimwambia, "Nyoosha," naye alifungua miguu kana kwamba amerudishiwa macho. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na maneno hayo ila sisi wawili na Kasuku, aliyekuwa akiyatumia kumwongoza Bonge kutoka jikoni.

Baba, nakwambia waziwazi nilichokuwa nakitaka. Basi la shule nilitaka lipatikane, naam. Lakini mimi kwa nafsi yangu nilitaka kitu kimoja tu: kufika mwisho nikiwa nimeshika ncha yangu ya kamba. Sikuwahi kutaka kitu kwa namna ile tangu niolewe. Nilikiota hata nikiwa nakunja taulo.

Zilipobaki wiki chache, Mziwanda akaanza kuchoka. Alikuwa akija asubuhi miguu mizito, anahema mapema. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba anaumwa na ananificha. Nikamnunulia asali, nikawa namletea mayai ya kuchemsha ndani ya leso, nikimsimamia ale yote. Alikuwa akila kimya. Siku moja nikaona alama ya kamba kwenye mkono wake wa kulia, mkono ambao mimi sikuwahi kuufunga. Nikamuuliza. Akasema ni saa yake mpya inambana. Nami, mjinga wa mwisho, nikamshauri alegeze mkanda wa saa.

Jioni ya kuamkia mbio ulinipigia simu. Unaikumbuka, baba? Nilikuwa napiga pasi fulana zetu. Uliniuliza kama nimekula vizuri, ukaniambia nilale mapema, ukamaliza kwa kusema, "Kimbia salama, mwanangu." Nilikata simu nikamwambia mkweo kwamba hata wewe umekubali hatimaye. Nilifurahi kiasi kwamba nilipiga pasi na kamba.

Asubuhi yake tulikwenda familia nzima. Uwanja ulikuwa umefurika, vipaza sauti vinalia, na watoto wa shule yao wamepangwa mstari mmoja na fimbo zao, wakiimba jina la mwalimu wao. Nikaenda meza ya kuchukua namba. Mama mmoja wa kamati, mwenye kofia pana, akatazama pembeni ya uso wangu akanieleza kwamba kumefanyika mabadiliko madogo asubuhi hiyo hiyo. Kwa sababu za usalama, akasema, mwalimu ataongozwa na mkimbiaji mzoefu. Mzoefu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake tayari, kijana mrefu mwenye miguu migumu kama chuma, amevaa namba yangu kifuani. Mkono wake ulikuwa na kamba mpya ya manjano.

Nikamgeukia Mziwanda nikitegemea atakataa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye ndiyo kwanza anasikia, na kwamba tusigombane mbele ya watoto. Mkweo alitaka kuivunja ile meza, ikabidi nimshike shati. Nikawatazama wale watoto wakiimba, nikajikaza kisabuni. Nikamwambia mdogo wangu akimbie vizuri. Nikamrekebishia kola ya fulana, kwa mazoea tu, nikasogea pembeni na mkanda wangu wa joho umening'inia mkononi kama wa mtu aliyetoka kuoga akasahau nguo.

Tarumbeta ilipolia watu wote walishangilia, na mimi nilishangilia, sijui nilitoa wapi sauti. Lakini sikuweza kukaa uwanjani. Nilikuwa na hofu. Nilijisemea kwamba huyu kijana ana mbio lakini hajui ile kola, hajui kwamba tuta la pili limepauka na halionekani mpaka ulikanyage. Nikamshika Kasuku mkono tukaenda kwa miguu mpaka kwenye ule mzunguko wa hospitali. Nikajipanga kandokando kabisa, pale penye tuta la pili, ili akichelewa kusema niseme mimi.

Wakaja. Niliwaona kwa mbali, wanakwenda sawa mguu kwa mguu, na nilijua hapo hapo kwamba watu waliokutana asubuhi hawakimbii hivyo. Hata hivyo nikawa bado najidanganya. Kisha wakakaribia, na yule kijana akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Kola inakuja! Pindo kushoto... mkunjo! Tulia, tulia, mkunjo wa pili... sasa! Nyoosha!"

Mdogo wangu akainua mguu pale pale panapotakiwa, akapita. Alipita karibu nami kiasi kwamba jasho lake lilinirukia. Nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza. Kasuku akanivuta fulana akaniuliza yule mtu mwingine amejuaje maneno yetu.

Nilikaa kwenye pindo la barabara, baba, mtu mzima, na mtoto wangu akinipepea kwa bendera ya karatasi. Kuondolewa ningevumilia, kamati ni kamati. Lakini maneno yale hayafundishwi kwa asubuhi moja. Maneno yale yalikuwa na jioni nyingi ndani yake. Nikakumbuka ile alama ya mkono wa kulia, nikakumbuka uchovu, nikakumbuka asali. Nilikuwa nikimlisha asali ili apate nguvu za kufanya mazoezi na mtu mwingine.

Walimaliza vizuri, vizuri kuliko ambavyo sisi wawili tungemaliza. Sina haja ya kusema uongo. Picha zao zimetoka, wamekumbatiana, na basi litanunuliwa. Kwa hilo basi nimefurahi, na nimewaambia hivyo watoto wa shule.

Kwa siku kadhaa Mziwanda hakuonekana. Halafu akaja kazini, akasimama palepale penye meza yangu. Sikuacha kupiga pasi. Nilimwacha asikilize pumzi ya pasi. Akaanza kulia kabla hajasema, na alipoanza kusema alisema yote.

Alisema kwamba ulimwita kwako, siku chache baada ya ile simu ya mkweo. Ulimwambia kwamba mimi nina mume anayelalamika na watoto wanaougua, na kwamba siku ile watakuwepo watu wakubwa, tusije tukaaibika. Ulimwambia umeshaongea na rafiki yako unayecheza naye drafti, na kwamba mtoto wake, yule Mwanariadha, yuko tayari. Ulimwambia afanye naye mazoezi jioni na aendelee na mimi asubuhi, nisijue, ili nisilete fujo, na kwamba kamati utazungumza nayo wewe. Alipokuuliza kwa nini usiniambie mwenyewe, ulimjibu maneno ambayo aliyarudia polepole, na nilimlazimisha ayarudie tena. Ulisema: "Dada yako hajawahi kumaliza kitu. Atakuachia njiani."

Akasema kila asubuhi alikuja amekusudia kuniambia, na kila asubuhi alinikuta nina furaha akashindwa. Akasema kwako wewe hajawahi kuweza kusema hapana. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa nini alimpa na maneno. Akasema hakupata mengine mazuri kuliko hayo. Sijui kama nimemsamehe. Namjua, ni mdogo wangu, alijificha nyuma yako kama alivyokuwa akijificha nyuma ya mlango. Lakini mlango ulikuwa wewe, baba.

Sasa naja kwenye lile lililonifanya nisipokee simu. Hajawahi kumaliza kitu. Nimelifikiria sana, nimetafuta ni kitu gani nilichoacha njiani katika maisha yangu, na nimepata kimoja. Chuo cha uuguzi. Nilikiacha mwaka wa mwisho, sare yangu ikiwa bado mpya, na watu wengi wanadhani nilishindwa masomo. Hata mkweo alidhani hivyo mpaka juzi. Sikuwahi kumsahihisha mtu, kwa sababu uliniomba nisiseme sana, usionekane umemtoa mtoto mmoja darasani kwa ajili ya mwingine.

Wewe ndiye uliyenipigia simu, baba. Macho ya Mziwanda yalikuwa yamezimika, mama alikuwa ameshatutoka, na wewe ulikuwa na shule nzima ya kuongoza. Ulisema, njoo nyumbani kwa muda, mdogo wako hana wa kumshika mkono. Ulisema chuo hakikimbii. Nikaja. Nilimshika mkono mpaka akajifunza fimbo, mpaka akarudi darasani, mpaka akawa mwalimu wa tai. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya badala ya ile, na hiyo nilidhani nimeimaliza. Ulikuwa ukiiona kwa macho yako kila siku. Halafu miaka yote hii ukaniandika moyoni mwako kwamba mimi ni mtu wa kuishia njiani. Wageni wangesema hivyo ningecheka. Hili limetoka kwako, na limeniuma mahali ambapo sikujua kwamba bado pana maumivu.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayelijua ila watu wa nyumbani mwangu. Jumapili iliyopita nilivaa viatu. Mkweo akatoa baiskeli, akamfunga Bonge mgongoni kwake na Kasuku akakaa nyuma na chupa za maji. Tukaenda mpaka penye mstari wa kuanzia, ambao mvua ilikuwa imeshaanza kuufuta, na nikaanza kukimbia. Njia ile ile, yote. Hakuna aliyefunga barabara kwa ajili yangu. Magari yalinipigia honi na bibi mmoja aliniuliza nani ananifukuza. Nilikimbia, nikatembea, nikatapika karibu na kiwanda cha maji, nikakimbia tena. Penye kola nilijiita mwenyewe kwa sauti, pindo, mkunjo, mkunjo wa pili, na kwenye barabara ya mwisho Kasuku alipiga kelele kutoka nyuma ya baiskeli, "Nyoosha, mama!" mpaka sauti ikamkauka.

Geti la uwanja lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mlinzi akasema hakuna shughuli leo, nirudi siku ya kazi. Mkweo akaanza kumbembeleza, nikamzuia. Nikaweka kiganja changu kwenye lile geti, likiwa limepata moto wa jua, nikakaa hivyo mpaka pumzi ikarudi. Hakukuwa na mtu wa kupiga makofi ila Bonge, ambaye hupigia makofi hata kijiko kikianguka.

Nimemaliza, baba. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Ndani ya bahasha hii utaikuta ile kamba nyeupe. Nimeifua na kuipiga pasi. Ukitaka kuirudisha, tafadhali usimpe mtu mwingine ailete. Mwanariadha wako amerudi kwenye mashindano yake, na Mziwanda kila siku ananiuliza mimi na yeye tutaanza lini tena. Nimemwambia akuulize wewe, maana kamba iko kwako.

Nisalimie sana shangazi, na umwambie sikupuuza simu yake kwa dharau. Mkweo anakusalimu kwa heshima. Watoto wanakuamkia, Kasuku anasema jino lake amekutunzia kwenye kibiriti utakapokuja. Jifunike mgongo, baridi ya asubuhi si nzuri kwako.

Mimi,
Kifungua mimba wako.